Moyo Ulioonyeshwa Ukutani

Kuna siku moja naikumbuka vizuri kuliko siku niliyofunga ndoa, mwanangu, na marehemu mume wangu anisamehe huko aliko. Ni siku niliyoifukuza projekta mjini Arusha tangu asubuhi mpaka mchana bila kujua kwamba naifukuza.

Nakusimulia kwa sababu wewe na wenzako mmebakiza siku chache mwende kwenye mazoezi ya kufundisha, na kila mkija hapa kwangu Lemara kunisalimia mnakuja mmekumbatia vishikwambi kifuani kama watoto wachanga. Sina ugomvi na vishikwambi. Nitakuwaje na ugomvi navyo, wakati mimi shangazi yako ndiye niliyekuwa nikifundisha somo la teknolojia chuoni, enzi ambazo wakufunzi wenzangu waliogopa kuigusa kompyuta wakidhani italipuka? Ugomvi wangu ni na ninyi. Kaa hapo, acha kuchezea hiyo chaja, unisikilize.

Wakati huo nilikuwa mkufunzi mgeni kazini, katika chuo cha ualimu huku kwenye miteremko ya Meru. Chuo kilikuwa kimepata kompyuta kadhaa na projekta moja, nami nikapewa kuzifundishia kwa sababu ndiye pekee niliyejua kuziwasha. Hapohapo fomu ya kumpimia mwanachuo darasani ikaongezwa kipengele kipya: je, ametumia teknolojia? Aliyetumia anapata alama, asiyetumia anazikosa. Basi. Hakuna aliyejisumbua kuuliza ameitumia ili iweje. Na projekta yenyewe ya chuo, ambayo wanachuo walitakiwa kuitumia, ilikuwa imefungiwa stoo isije ikaharibika. Nilipigia kelele jambo hilo kwenye kila kikao mpaka wakawa wakiniona nainua mkono wanaangalia saa.

Tuliokuwa tukizunguka mashuleni kuwapima wanachuo tulikuwa wawili, mimi na Mwalimu Nnko. Huyu alikuwa mzee wa Kimeru anayekaribia kustaafu, mrefu, mpole wa sauti, koti lake lina chaki mifukoni hata Jumapili kanisani. Projekta alikuwa akiiita tochi. "Mwalimu Mbise," alikuwa akiniambia tukipanda gari, "leo tochi yako itatuonyesha nini?" Nilikuwa nachukia, lakini ni mzee, ningemfanya nini.

Asubuhi hiyo tulianzia Lemara hapahapa. Tukamkuta binti mmoja anafundisha Maarifa ya Jamii, projekta inawaka, ramani ya Tanzania imejaa ukuta mzima. Nikafurahi. Tukaenda shule ya pili, ng'ambo ya mji, tukamkuta kijana anafundisha Hisabati, projekta inawaka. Nikafurahi zaidi, nikamtupia Mzee Nnko jicho la kumwambia umeona. Yeye alikuwa haangalii ukuta, anaiangalia mashine. Tulipotoka nje akaniuliza, "Ile ya asubuhi si ilikuwa na doa la rangi ya kucha pembeni?"

Nikamjibu sikuona doa lolote.

"Na hii inalo," akasema, akapanda gari.

Ukweli tuliujua baadaye. Wanachuo walikuwa wameazima projekta kutoka kibanda umiza cha mjomba wa mmoja wao, huko Sombetini, pale vijana wanapobanana jioni kuangalia mpira. Ratiba yetu waliijua kuliko sisi wenyewe. Tukianza kuaga walimu wa shule moja, bodaboda inachomoka uani, projekta imefungwa kwenye shuka la Kimasai, inapita vichochoroni na kututangulia shule inayofuata. Sisi tunahangaika na foleni na mashimo, mashine inafika, inachomekwa, inatusubiri. Akili zote hizo, mwanangu, wangeziweka kwenye kufundisha, leo mkoa huu ungekuwa na walimu wa kujivunia.

Shule ya tatu ilikuwa Sombetini yenyewe, na jina lake nitaliacha lilale. Aliyetusubiri ni Elibariki, kijana wa Kiarusha kutoka upande wa magharibi wa mlima, mwanafunzi wangu mwenyewe. Naomba unielewe, Elibariki hakuwa mvivu wala mhuni. Mwaka uliotangulia aliugua katikati ya mazoezi akaanguka mtihani wa kufundisha, na kanuni za chuo zilikuwa hazina huruma: akianguka tena, anaondolewa. Mama yake alikuwa ameshasimama kanisani kushukuru kwamba mwanawe ni mwalimu. Kwa hiyo kijana yule hakuwa anafundisha somo siku hiyo, alikuwa anaokoa roho yake.

Darasa la sita, somo la Sayansi, mada ni moyo. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa khanga na maboksi ili picha ionekane. Ukutani kulikuwa na moyo mkubwa, mwekundu upande mmoja na wa buluu upande mwingine. Elibariki akiuliza, mikono yote juu. Akimchagua yeyote, jibu sahihi. Moyo una vyumba vingapi? Vinne! Mpigieni makofi ya kilo! Watoto hawakuwa wakikosea hata kidogo, na hapo ndipo mtu mwenye akili timamu angeanza kushtuka, maana hakuna darasa la namna hiyo duniani. Mimi niliendelea kujaza fomu.

Umeme ukakatika.

Ukuta ukawa mweusi ghafla. Elibariki akabaki amesimama na kijiti chake. Lakini darasa halikusimama, mwanangu. Mtoto wa dawati la mbele, ambaye zamu yake ilikuwa imefika, akainuka, akaenda mpaka ukutani gizani, akaweka kidole mahali pasipo na kitu na kusema kwa sauti ya kukariri, "Hiki hapa chekundu ni chumba cha juu upande wa kushoto." Makofi ya kilo. Akainuka wa pili, "Na huu hapa ni mshipa unaopeleka damu kwenye mapafu." Makofi. Akainuka wa tatu. Walikuwa wamelifanya somo hilo mara nyingi kiasi kwamba picha haikuwa na kazi tena. Wanachuo wenyewe waliita jambo hilo kupika darasa, na lile lilikuwa limepikwa likaiva, likaungua.

Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mzee Nnko akainuka taratibu, akaondoa khanga dirishani, mwanga ukaingia. Akawaendea watoto, akainama kidogo.

"Hamjambo, wanangu?"

"Shi-ka-mo-o mwa-li-mu!"

"Marahaba. Hebu niambieni, moyo uko wapi?"

Darasa zima likanyoosha vidole ukutani.

Hakucheka. Akamsogelea msichana mmoja wa katikati, akamwambia kwa upole kabisa, "Nauliza moyo wako wewe. Uko wapi?" Mtoto akamtazama Elibariki, akautazama ukuta uliobanduka chokaa, akanyoosha tena kidole kulekule. "Pale, mwalimu."

Mzee akashukuru, akatoka nje. Nikamfuata nikidhani anaumwa. Alikuwa amesimama pembeni mwa bustani ya shule, ya mchicha, akiwatazama watoto waliokuwa wakipalilia. Akawauliza wako darasa la ngapi. La sita. Mbona hawako darasani? Wakajibu bila haya yoyote, kama mtu anayekueleza kwamba leo ni Jumatano, "Kuna wageni." Wageni wakija ndiyo iweje? Basi mmoja akafafanua kwamba mwalimu amewaomba wakae bustanini kwa sababu wao wanasahau.

Nimeona mengi katika ualimu. Nimeona madarasa yasiyo na paa. Lakini siku ile pale kwenye mchicha ndipo nilipojisikia kulia kwa hasira. Watoto wale hawakuwa wameadhibiwa. Walikuwa wameondolewa, kama unavyoondoa kiti kibovu sebuleni wanapokuja wakwe.

Tukarudi ofisi ya walimu. Elibariki alikuwa ameshajua. Mzee Nnko hakupaza sauti. Aliikunja fomu yake katikati na kumwambia kwamba hawezi kumpitisha. Kisha akanigeukia mimi. Akasema tochi yangu ndiyo iliyoleta balaa hili, kwamba ibaki stoo milele, na kwamba yeye mwenyewe ataandika kile kipengele cha teknolojia kiondolewe kabla hajastaafu.

Hapo nikawaka. Nilikuwa na hasira na kila mtu mle ndani, nikawa sijui nianze na nani. Nikaanza na mzee, Mungu anisamehe.

"Mzee wangu," nikamwambia, "enzi zenu mkaguzi alipokuwa anakuja, hamkuwakaririsha watoto kwa chaki? Hamkuwaficha wale wazito?"

Alikuwa mtu mkweli, na hilo ndilo lililonifanya nimheshimu mpaka alipofariki. "Tuliwaficha," akasema. "Mimi mwenyewe niliwapeleka mtoni kuteka maji."

"Basi si tochi."

"Si tochi," akakubali. "Ila umemfundisha huyu kijana kuiwasha na kuizima, Mwalimu Mbise. Umewahi kumfundisha amwangalie mtoto wakati inawaka?"

Nilikuwa na majibu mengi, kwamba muda nilipewa mdogo, kwamba fomu niliikuta, kwamba projekta imefungiwa na watu wa rika lake, na yote yalikuwa kweli, lakini nilipoyapanga mdomoni yakakosa ladha. Nikamwomba kitu kimoja tu: kesho. Elibariki arudie somo lilelile, kwa projekta hiyohiyo, darasa likiwa kamili, asiondolewe mtoto hata mmoja, asikaririshe mtu. Akishindwa, basi ameshindwa, na mashine ikafungiwe.

"Na umeme ukikatika?" mzee akauliza.

"Atafundisha."

Unajua Elibariki alisema nini, mwanangu, baada ya mimi kugombana na mkubwa wangu kwa ajili yake? Alininong'oneza karibu na mlango, macho yamemlengalenga machozi, "Mwalimu, wale wa bustanini wataniangusha." Nusura nimzabe kibao. Nikamwambia, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni kwenye uji, wale wa bustanini ndio kazi uliyokuja kuifanya! Wale wengine wangejifundisha hata kwa kusoma magazeti yaliyofungia maandazi!

Kesho yake tukarudi. Wale watoto walikuwa wamesimama nje ya mlango wa darasa, wenzao wameshaketi. Elibariki akawaambia waingie. Hawakusogea. Mmoja wao, msichana mrefu kidogo anayeitwa Naserian, akatuchungulia mimi na Mzee Nnko tulivyoketi nyuma, kisha akamwambia mwalimu wake kwa sauti ya chini, ya kumsaidia asije akakosea, "Mwalimu, wageni bado wapo."

Elibariki akawaendea. Akawashika mabega mmojammoja na kuwaingiza. Mzee Nnko akavua miwani yake akawa anaifuta na pindo la koti, kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji miwani yoyote.

Sasa usitegemee nikuambie kwamba lilikuwa somo la ajabu. Lilikuwa vurugu tupu. Andalio lake aliliacha mezani baada ya dakika chache. Aliwatoa watoto wote nje wakauzunguka mlingoti wa bendera mbio, kisha akawaambia kila mmoja aweke mkono mahali anapohisi moyo wake. Wengine wakashika tumbo. Mvulana mmoja akashikilia kwamba wake uko shingoni, wenzake wakamcheka, na Elibariki akafungua mdomo kumsahihisha, kisha nikamwona anasita. Akajigusa shingo mwenyewe. Akawaambia wote waguse shingo. Kelele iliyozuka hapo ilimtoa mwalimu mkuu ofisini.

Ndipo wakarudi ndani na projekta ikawashwa. Safari hii aliweka filamu fupi ya moyo unaopiga, bila maneno. Darasa likanyamaza lenyewe. Watoto walikuwa bado wanahema, mikono bado iko kifuani, wanatazama ukuta na kujisikiliza kwa pamoja. Naserian akauliza mbona ule wa ukutani unapiga polepole na wa kwake unakimbia. Elibariki akaisimamisha picha. Hakumjibu, akawarushia swali wenzake, wakabishana, mmoja akasema moyo wa ukutani ni wa mzungu, mwingine akasema haukukimbia mlingotini. Mzee Nnko alicheka mpaka akakohoa.

Sitakudanganya kwamba Naserian alikuwa na akili za ajabu zilizojificha. Hakuwa nazo. Baadaye aliulizwa moyo una vyumba vingapi akasema viwili, na kengele ikalia kabla hajaelewa vizuri. Elibariki hakumaliza hata nusu ya alichopanga. Lakini kengele ilipolia, nusu ya darasa ilikuwa bado imeweka mkono kifuani ikatoka hivyohivyo kwenda kunywa uji.

Alipita. Kwa alama chache, mzee hakuwa mtu wa kugawa alama kama pipi, lakini alipita, na mpaka leo anafundisha. Tukiwa kwenye gari Mzee Nnko akaniambia, akitazama nje, kwamba projekta itoke stoo na yeye atasaini dhamana ikiharibika. Ilitoka. Ungedhani hadithi yangu inaishia kwa furaha hapo.

Haiishii. Mwaka uliofuata wanachuo wapya walipika madarasa kama kawaida, sasa kwa projekta halali ya chuo. Ikaja intaneti, wakapika kwa intaneti. Sasa mna vishikwambi na akili mnemba, na upishi umekuwa mwepesi zaidi. Majuzi kijana mmoja aliyepangiwa shule ya kule Momela, kando ya hifadhi ya wanyama, aliniletea andalio la somo, ameandikiwa na hiyo akili mnemba, hakubadilisha hata nukta. Limeeleza kwamba mwalimu awatoe watoto nje wakashike theluji. Momela! Nyati wanalala nyuma ya vyoo vya shule, yeye anatafuta theluji. Nikamuuliza, umelisoma? Akaniambia, "Lakini mama, si limekaa vizuri?" Na kweli lilikuwa limekaa vizuri, limepangwa kwa majedwali. Nikaomba maji ya kunywa.

Na wewe, mwanangu, usijifanye unamcheka. Jana jioni ulinipigia simu. Shikamoo shangazi, habari za nyumbani, kuku wanaendeleaje, kumbe unazunguka tu. Mwisho ukatoa lako: naomba uniulizie kwa wenzako wa chuoni, wakufunzi watapita shuleni kwetu tarehe ngapi, nijiandae. Nilikata simu nikasingizia mtandao, kwa sababu ningekutukana, na baba yako angenisikia.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na nitaisema polepole. Kishikwambi chako kichukue, kitumie, usimwogope mwalimu mkongwe atakayekukejeli. Lakini kabla hujakiwasha, jiambie ni kitu gani mtoto atakiona humo ambacho hawezi kukiona bila hicho. Ukikosa jibu, kiache mkobani. Ukikiwasha, geuka, kipe kioo mgongo, uwaangalie watoto nyusoni. Ukimwona mmoja amepotea, simamisha picha, hata kama fomu inataka uimalize. Chochote utakachoandikiwa na mashine kisome kwa macho ya mtu anayewajua watoto wa shule ile, na kama bado huwajui, nenda ukawajue kwanza. Somo ulilopanga kulifundisha Jumatatu lifundishe mara moja, Jumatatu, likivurugika livurugike mbele yao na mlirekebishe pamoja. Na yule mzito, anayesahau, anayekuchosha mpaka unataka kulia, mweke mbele. Akielewa yeye, umefundisha. Asipoelewa yeye, hata ukuta ungewaka rangi zote za duniani, umeonyesha sinema tu.

Nimekuwa mkali, najua. Ni kwa sababu nakupenda, na kwa sababu nimeyasema haya kwa watu wengi walionijibu ndiyo mama, wakaenda zao kupika.

Haya, inama nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe sauti isiyokauka na uvumilivu kuliko wangu mimi. Akupe watoto wasioogopa kukuuliza, na umeme usikatike, na ukikatika usibabaike. Ile tarehe naijua, nimeshaambiwa. Sikuambii. Mungu akujalie, mwanangu, siku wakufunzi watakaposukuma mlango wako bila hodi, wakukute unafundisha tu.